Shahidi wa Tajiri

Baba yangu mdogo hupiga pasi. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu sijazaliwa, na akiulizwa anafanya nini mjini hasemi "niko kwa tajiri fulani" kama wenzake wapendavyo kusema. Husema, "Napiga pasi," kisha hunyamaza, kana kwamba aliyeuliza amepata jibu la kumtosha siku nzima.

Huipigia pasi nyumba moja tu. Mwenye nyumba ana malori ya saruji, maghala ya kuhifadhia samaki wa barafu, na majengo ya kupangisha ambayo nadhani hata mwenyewe hayajui yote kwa sura. Wafanyakazi wake humwita Bosi. Nami nitamwita hivyo hivyo, maana nikimtaja jina nitakuwa nimempa heshima ambayo hajailipia.

Chumba cha pasi kiko nyuma ya gereji. Dirisha lake dogo linatazama tangi la maji, na upepo ukiingia humo huwa umekwisha kupita kwenye moshi wa magari. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, beseni la wanga, waya uliotundikwa mashati kama watu waliokatwa vichwa, na pembeni cherehani ya miguu. Cherehani hiyo ni ya kola. Shati likivaliwa sana huchakaa shingoni kabla ya mahali pengine popote. Baba Mdogo huifumua kola ile, huigeuza, upande uliokuwa umejificha ukaja juu na ule uliochakaa ukaenda chini, kisha huishona tena mahali pake. Akimaliza, hata aliyelishona shati hawezi kujua. Shati hupata uhai wa pili.

Na mashati ya Bosi yote yalikuwa yanaishi uhai wa pili.

Baba Mdogo alikuwa na elimu yake juu ya jambo hili. "Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo," alizoea kuniambia, "akakudanganya kwa gari, hata kwa machozi. Kola haijui kudanganya." Kwa kola alijua nani anatoka jasho la kazi na nani jasho la hofu. Alijua kijana mkubwa wa nyumba ile atafeli mtihani kabla walimu wake hawajajua, kwa sababu alikuwa akitafuna ncha za kola kama mbuzi. Alijua mgeni mmoja, mtu wa sala ndefu, amelala wapi. Na kwa kola zile zilizogeuzwa alijua, au alidhani anajua, kwamba Bosi ana shida.

"Mnaona magari tu," alisema. "Mali yote ile ni ya benki. Mtu mwenye raha hawezi kuniletea shati la namna hii nimgeuzie. Yule mzee anazama, basi tu hapigi kelele."

Alimhurumia. Naomba msomaji asimame hapo kidogo. Mtu anayekaa vyumba viwili vya kupanga, ambaye choo anachangia na kaya tatu, alikuwa akirudi nyumbani jioni na huzuni moyoni kwa ajili ya mtu mwenye malori.

Mkewe, Mama Mdogo, hakuwa na huruma hiyo. Alikuwa msusi kabla mikono haijaanza kuvimba, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko kichana chake. Figo zake zilikufa zote mbili, moja ikaitangulia nyingine kidogo. Tangu hapo maisha yake yakawa yananing'inia kwenye mashine ya kusafisha damu katika hospitali ya umma. Mashine zilikuwa mbili, kwa wagonjwa wa wilaya nzima. Wagonjwa walikaa kwenye benchi refu la mbao ukumbini wakingoja zamu, na kwenye benchi hilo Mama Mdogo alimpata shoga, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke mkavu mwembamba asiye na mume wala mtoto. Wote walimwita Mwalimu tu.

"Mwalimu, leo uso umevimba," Mama Mdogo alizoea kumwambia. "Umelamba chumvi ya nani?"

"Ya mumeo. Alikuja kunipigia pasi."

"Basi mrudishe akiwa amenyooka."

Walicheka hadi muuguzi mkuu awanyamazishe. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakingoja kuishi.

Kisha ukaja ule muswada. Serikali ilitaka kuongeza kodi kwa wenye vipato vikubwa sana, wale wachache wa juu kabisa, na ilisema waziwazi sehemu ya fedha hizo itakwenda wapi: hospitali za umma. Mashine zilitajwa ndani ya muswada wenyewe. Benchi lile lote lilijua. Lakini redioni ukasikia kitu kingine. Asubuhi mpaka jioni watu wenye sauti nzuri walituambia kuwa matajiri watakimbia nchi, viwanda vitafungwa, na mkate utapanda bei, kana kwamba mkate uliwahi kushuka.

Jioni moja nilikaa na Baba Mdogo mlangoni pake nikajaribu kumweleza.

"Kodi hii haikuhusu, Baba Mdogo. Ni ya watu wanaopata kwa mwezi mmoja kile ambacho wewe hutakipata mpaka unazikwa."

"Ikimgusa Bosi imenigusa mimi. Ng'ombe akianguka, kupe atakwenda wapi?"

"Kwa hiyo wewe ni kupe," alisema Mama Mdogo kutoka ndani.

"Nasema kwa mfano."

"Mfano mzuri. Ila kupe mwenzio ananyonya."

Nilimwambia kwamba kodi yeye analipa kila siku. Sabuni anayonunua ina kodi ndani yake, umeme una kodi, hata ule wanga anaotia kwenye mashati. Mshahara wake unakatwa kabla haujamfikia mkononi. Bosi akinunua kipande cha sabuni hutozwa sawa na fundi wake, na mapato ya majengo yake yana wanasheria wa kuyaficha. Haki ya namna gani hiyo, mchukuzi na mwenye mzigo kulipa nauli moja?

Baba Mdogo alinisikiliza kwa subira, kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto.

"Wewe umesoma vitabu," akasema. "Mimi nimesoma kola."

"Msomi wa shingo za watu," alisema Mama Mdogo.

Wiki ile ile Bosi aliingia chumba cha pasi. Tangu Baba Mdogo aajiriwe, mguu wa Bosi haukuwahi kukanyaga mle. Alisimama mlangoni akitazama mashati yake yaliyotundikwa, akajipepea kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Kumbe ndimo unamofanyia kazi. Joto."

"Tumezoea, mzee."

"Nasikia mkeo anaumwa."

"Figo, mzee."

"Pole sana. Uko naye hospitali ya umma?" Bosi alitikisa kichwa. "Watakuulia mke wale. Mtu kama wewe, umenihudumia miaka yote hii, haifai. Nitamhamisha hospitali binafsi. Nitalipa mimi."

Baba Mdogo aliweka pasi wima ili isiunguze.

"Mungu akuzidishie, mzee."

"Ila mambo yakae sawa kwanza. Hii kodi ikipita, fundi, sijui nitamsaidia nani. Watu wanadhani sisi tunaoga maziwa."

"Mimi nakujua, mzee. Si mimi ndiye ninayegeuza kola zako?"

Bosi hakuelewa mara moja. Alimtazama, akaitazama cherehani, akayatazama mashati. Kisha uso wake ukakunjuka polepole.

"Hilo," akasema. "Kuna kikao, wabunge wanakuja kusikiliza maoni ya wananchi. Nenda ukawaambie hilo hilo, kwa maneno yako hayo hayo."

Nyumbani Mama Mdogo alimsikiliza mumewe hadi mwisho, amejiegemeza kwenye mto.

"Ameshalipa?"

"Amesema atalipa. Ahadi ni deni."

"Na huyo si ndiye unayesema madeni yamemfika shingoni?"

Baba Mdogo akachukua viatu vyake akaenda kuving'arisha nje.

Kikao kilifanyika katika ukumbi mkubwa wenye feni zinazozunguka bila kuleta upepo. Wabunge walikaa jukwaani nyuma ya chupa za maji. Wafanyakazi wa Bosi waliletwa kwa malori, wamevaa fulana nyeupe zilizoandikwa MSIUE AJIRA ZETU, na fulana hizo zilikuwa zimepigwa pasi vizuri, kwa sababu aliyezipiga mnamjua. Televisheni ilikuwa inarusha moja kwa moja.

Mwalimu aliongea kabla yake. Alikuja na fimbo yake, akakataa kiti.

"Wanauliza kwa nini wao walipe zaidi," alisema. "Nitawaambia. Lori moja la saruji linaharibu barabara kuliko baiskeli elfu, na barabara ile imejengwa kwa kodi ya sabuni ya mwenye baiskeli. Makarani wao wanajua kuhesabu kwa sababu niliwafundisha mimi, kwa chaki ya serikali. Maghala yao yanalindwa na polisi tunaowalipa sote. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetajirika peke yake porini. Kodi haimwadhibu mtu kwa kufanikiwa. Inamkumbusha alipandia mabega ya nani."

Mwenyekiti wa kamati alitazama saa yake. "Mwalimu, tunakushukuru. Hatuko darasani."

Ukumbi ukacheka. Mwalimu alingoja kicheko kiishe, akaona hakiishi, akarudi kukaa.

Ndipo akaitwa Baba Mdogo. Alivaa shati lake jeupe la pekee, na lilikuwa limenyooka kuliko la mtu mwingine yeyote mle ndani.

"Waheshimiwa, mimi si msomi. Mimi napiga pasi. Nimemsikia mama hapa akisema matajiri wana fedha. Mimi sijui matajiri wengine, namjua wangu. Mashati yake nayageuza kola. Mnajua kugeuza kola? Ile iliyochakaa inakwenda chini, ya chini inakuja juu. Mengine nimeyageuza mara mbili, kola imerudi ilikotoka."

Watu walianza kucheka, lakini si kama walivyomcheka Mwalimu. Walikuwa wanamcheka mtu wao.

"Kola haidanganyi, waheshimiwa. Kwa mfano, mheshimiwa mwenyekiti, uniwie radhi, hiyo yako haijawahi kugeuzwa."

Mwenyekiti akapeleka mkono shingoni bila kujijua, na ukumbi ukapasuka. Wabunge walifuta machozi. Hata mpiga picha alikuwa anatikisika. Angeishia hapo. Laiti angeishia hapo. Lakini sifa ni pombe, na yeye hakuwahi kuionja.

"Na mtu huyo huyo," akasema, sauti imeshuka, "pamoja na shida zake zote, mke wangu mgonjwa wa figo anamtibu yeye. Kwa mfuko wake. Hakungoja kodi ya mtu. Sisi maskini hatutaki kodi, waheshimiwa. Tunataka matajiri wenye moyo."

Walimpigia makofi wamesimama. Nilimtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa amegeuka kwenye kiti chake anamtazama Baba Mdogo, mtazamo wa mtu aliyeona mwanafunzi akijumlisha vibaya ubaoni na darasa zima likinakili.

Hospitalini, juu ya lile benchi, kuna televisheni. Mama Mdogo alikuwa kitandani na sindano mkononi, mlango uko wazi, damu yake inazunguka kwenye mashine ya umma. Alimwona mumewe. Muuguzi mkuu, mwanamke mnene asiyecheka, alikuwa amesimama mlangoni naye anatazama. Kipindi kilipokwisha alimgeukia Mama Mdogo akamwangalia kwa muda, kisha akaenda zake.

Muswada ulikufa. Wakubwa walisema wamesikia sauti ya mwananchi wa kawaida, na sauti hiyo ilikuwa na kola. Magazeti yaliweka picha yake. Mtaani kwetu kuna mshona viatu anayekaa kwenye kona yetu, na Baba Mdogo alipopita aliinua kichwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Mheshimiwa Kola, wewe uko nguoni mwa nani?"

"Niko nguoni mwa anayenilisha."

"Basi siku akivua, utajua baridi."

Baba Mdogo alicheka. Alikuwa anangoja. Kila siku alikwenda kazini akitegemea Bosi ataingia tena chumba cha pasi, na kila siku mashati yaliingia peke yake.

Mashine moja ikaharibika. Ilikuwa kuukuu, na kipuri chake kilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo kodi ile ingenunua. Ikabaki moja. Benchi lilikuwa na watu wengi kuliko mashine inavyoweza kuwabeba, na mtu yeyote aliyekaa pale alijua hesabu hiyo bila kufundishwa na Mwalimu. Hospitali ikaamua kwamba wenye wafadhili wa kuwatibu kwingine waondoke kwanza. Uamuzi wa haki, mtu angesema. Mimi nasema wakati wenye nacho wamekataa kuchangia, haki yote inayobaki ni ya kuchagua maskini yupi atangulie.

Muuguzi mkuu alimwita Mama Mdogo pembeni. Mimi ndiye niliyekuwa nimempeleka siku hiyo.

"Mama, wewe zamu yako imefungwa. Wewe una Bosi."

"Bosi yupi?"

"Nimemsikia mumeo kwa masikio haya. Na wewe ulikuwa umelala hapo, tukamsikia sote."

"Mume wangu alisema uongo."

"Basi aliusema vizuri sana," alisema muuguzi. "Taifa zima limeusadiki. Mimi ni nani nisiusadiki?"

Nilijaribu kusema kitu juu ya sheria na haki za mgonjwa. Muuguzi alinitazama kama mtu anayetazama mvua kupitia dirishani, akaniambia niende nikawaambie wabunge.

Nilimwacha Mama Mdogo pale kwenye kiti cha magurudumu nikakimbilia chumba cha pasi, lakini Baba Mdogo hakumaliza kusikia habari hiyo. Aliondoka nikiwa bado nasema. Nilimfuata. Tulimkuta Bosi uani kwake, anapanda gari. Baba Mdogo alisimama mbali kidogo, mikono nyuma, kama anavyosimama siku zote.

"Mzee, samahani. Ni kuhusu mama yule. Wamemwondoa kwenye mashine. Nimekuja kwa lile ulilolisema."

"Lipi?"

"La hospitali binafsi, mzee."

Bosi alitoa mguu mmoja nje ya gari, akauweka chini. Ninaikumbuka sauti yake. Haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo.

"Fundi, hebu fikiri na wewe. Kutibu figo hakuna mwisho. Ni mwezi hadi mwezi mpaka Mungu amchukue. Nikimlipia mkeo, watu watasema nini? Watasema kumbe anazo. Na wewe mwenyewe umesimama mbele ya nchi nzima ukawaambia sina. Unataka nikutoe mwongo?"

"Lakini mzee, uliniambia mambo yakikaa sawa. Na kodi haikupita."

"Haikupita mwaka huu. Mwakani je?" Akarudisha mguu ndani. "Mkono mtupu haulambwi, fundi. Wewe ndiye shahidi wangu. Yale mashati ya kitani yako tayari? Nasafiri."

Nilingoja. Nilitaka Baba Mdogo aokote jiwe. Pale uani palikuwa na mawe meupe mazuri, yamepangwa kuzunguka maua.

"Yako tayari, mzee," alisema Baba Mdogo.

Akaenda akayaleta, yamekunjwa, akayaweka kiti cha nyuma kwa mikono miwili, akafunga mlango wa gari taratibu ili usigonge.

Tulitembea kwa miguu kutoka kule. Tukafika barabara kuu.

"Maskini ana mashati mawili," alisema ghafla.

"Unasemaje, Baba Mdogo?"

"Maskini ana mashati mawili ya kugeuza kola. Yule ana kabati zima. Nimegeuza kola za kabati zima, mwanangu, nikasema ana shida." Alisimama. Malori yalikuwa yanapita, na sijui yalikuwa ya nani. "Ni mkono wa birika tu. Bakhili. Kola iliniambia kweli miaka yote. Mimi ndiye sikujua kusoma."

Alinyoosha moja kwa moja hadi hospitalini. Alitaka kukana maneno yake. Mama Mdogo alikuwa bado yuko pale kwenye kiti cha magurudumu karibu na mlango, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumrudisha, na benchi lilikuwa limejaa. Baba Mdogo alimwendea muuguzi mkuu mbele ya watu wote.

"Dada, nilisema uongo kwenye televisheni. Bosi hajamtibu mke wangu hata siku moja. Mrudishie zamu yake."

"Nakusadiki," alisema muuguzi.

"Asante sana."

"Ngoja kushukuru. Zamu yake nimeshampa mtu. Mashine ni moja. Nikimrudisha mkeo lazima nimtoe mwingine." Akaliinulia mkono benchi, kuanzia mwanzo hadi mwisho. "Hao hapo. Wewe unajua kusema mbele za watu. Nionyeshe nimtoe nani."

Pale benchini alikuwapo kijana wa gereji mwenye vidole vyeusi vya oili. Alikuwapo mama aliyekuja na kichanga, mzee mmoja aliyelala amefumbua mdomo, na wengine ambao sura zao sikuwahi kuzizoea. Na mwisho kabisa, fimbo katikati ya magoti, Mwalimu.

Sijui muuguzi alikusudia nini. Labda alitaka tu aone aibu, ajue uzito wa kazi anayoifanya yeye kila asubuhi. Labda alikuwa amechoka kuwa katili peke yake. Mtu mwenye akili angeinamisha kichwa, akatoka.

Baba Mdogo alinyoosha mkono akamwonyesha Mwalimu.

Yule mama alimfunika mtoto wake khanga usoni, kana kwamba kidole kile kingeweza kupotea njia. Mwalimu aliuvuta mkoba wake kutoka sakafuni akauweka mapajani.

"Nilijua utanichagua mimi," alisema. "Sina mume wa kuja kusimama hapo anitetee. Hata mimi ningekuwa wewe ningejichagua mimi. Ndiyo rahisi."

"Mwalimu, si kwa ubaya," alisema Baba Mdogo. "Wewe huna watoto. Umeshaishi."

"Baba Mdogo," nikamwita.

"Nasema kweli. Mtu mzima ameshaishi."

"Mkeo ana mwaka mmoja kunizidi," alisema Mwalimu.

Muuguzi mkuu aligeuka akaenda zake ndani. Hakumtoa mtu wala hakumrudisha mtu. Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yake, na Baba Mdogo akabaki amesimama mbele ya benchi, mkono bado haujui pa kurudi.

Mama Mdogo alikuwa ameyaona yote kutoka kwenye kiti chake. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Mwalimu, wakatazamana kwa muda mrefu, wanawake wawili waliokuwa wakitukanana kwa mapenzi kila zamu, na safari hii hakuna aliyepata tusi.

"Nirudishe nyumbani," aliniambia mimi.

Nyumbani tulimketisha mlangoni, mahali pa jua la alasiri. Mgonjwa wa figo hupimiwa maji. Kikombe kimoja kidogo cha kutwa nzima, akizidisha mwili unavimba na pumzi inakata, na mashine ndiyo inayomtoa maji yale. Bila mashine hayana pa kwenda. Kwa miaka ile yote Mama Mdogo alikuwa akilamba kikombe chake kidogokidogo kama paka, na alikuwa hodari wa kuvumilia. Hata wakati wa joto kali hakuwahi kuomba nyongeza.

"Niletee maji," alimwambia mumewe.

Akamletea kikombe kile kile kidogo.

"Hicho sikitaki. Lete jagi."

"Mama, unajua daktari alisema—"

"Daktari yupi? Daktari wangu ni Bosi."

Baba Mdogo alinitazama mimi, msomi. Nilisoma mambo mengi chuoni: mgawanyo wa mapato, wajibu wa dola, nadharia za haki zilizoandikwa na watu waliokufa zamani. Hakuna lililoeleza afanye nini mtu aliyesimama na kikombe mkononi mbele ya mke ambaye yeye mwenyewe alimuuza kwa ahadi.

Akaenda akaleta jagi, na bilauri kubwa ya wageni. Akamimina nusu. Alimimina kwa uangalifu uleule anaonyunyizia mashati, asije akamwaga tone.

Mama Mdogo alikunywa yote bila kushusha pumzi. Akajifuta mdomo kwa kiganja, macho ameyafumba, na usoni pake pakawa na raha ambayo sijawahi kuiona kwake tangu augue. Kisha akamnyooshea bilauri.

"Jaza," alisema. "Acha ubahili."